Namba ya simu ya Kukhu

Wiki ya pili ya Machi mwaka 2023, Kukhu alikuja kwangu asubuhi tatu mfululizo. Alikata njia katikati ya miwa kabla jua halijakausha umande, leso imelowa hadi magotini, na swali lilikuwa lile lile: "Mwanangu, meseji yangu imefika?"

Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikisha. Huku kwetu Malava, kaunti ya Kakamega, kila mtu humwita Kukhu, yaani nyanya, hata wale wasio na undugu naye. Ana robo tatu ya ekari. Hupanda mahindi na maharagwe pamoja, na kule chini karibu na kijito ana nduma na mashina machache ya ndizi. Mvua ilikuwa imeanza kujaribu. Majirani zake wawili walikuwa wamepata ujumbe wa mbolea ya ruzuku, yeye kimya. Nikamwambia asubiri. Nilimwambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu sikufungua daftari langu kuangalia nilichoandika siku ile nilipokaa kwenye kigoda chake.

Mwaka uliotangulia ulikuwa mgumu. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mbolea ilipaa, na mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 dukani ukapita shilingi elfu sita. Hapa kijijini mkulima wa kawaida hupima mbolea kwa kifuniko cha soda: kifuniko kimoja, shimo moja. Mwaka huo niliwaona watu wakigawa kifuniko kimoja kwa mashimo matatu. Wengine walipanda kwa samadi peke yake, na asiyekuwa na ng'ombe akapanda hivyo hivyo. Kwa hiyo Septemba serikali mpya iliposhusha mfuko hadi shilingi 3,500, watu walifurahi kwa dhati, nami nilifurahi. Kisha likaja agizo kwamba msimu wa Machi mbolea hiyo itachukuliwa na mkulima aliyeandikishwa tu. Majina yangeingia kwenye mfumo wa kitaifa wa kuwaandikisha wakulima, KIAMIS, kila mtu angepata ujumbe kwenye simu yake kulingana na ekari alizotaja, halafu aende nao ghalani pamoja na kitambulisho.

Naibu wa chifu aliitisha baraza, akasema anahitaji watu wa kusaidiana na maliguru, yaani wazee wa kijiji, kwenda nyumba kwa nyumba. Nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Liguru wetu alinitaja, nikakubali.

Nilidhani ni kazi ya kuandika. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ekari, mimea, mifugo, basi. Nyumba ya kwanza tu ilinionyesha ninachoingilia. Mzee wa hapo alisimama mlangoni, hakutukaribisha kuketi. Akamuuliza liguru, "Hizi ekari mnaziandika za nini? Kesho si mtakuja na kodi ya ardhi?" Ana ekari tatu na ushee, kila mtu anajua, kwa sababu uzio wake unafika barabarani. Alisema nusu ekari. Liguru akanitazama, nikaandika nusu ekari. Nyumba ya nne mambo yakageuka: kijana mwenye kipande cha kujengea nyumba na kibanda cha kuku alisema ekari mbili. Alikuwa amesikia kwamba ekari nyingi ni mifuko mingi. Huyo nilibishana naye, na liguru akaniunga mkono, kwa sababu mama yake mwenyewe alikuwa amekaa pale akitikisa kichwa.

Ninachojutia kuhusu yule mzee ni kwamba sikumweleza. Nilikuwa na haraka, nyumba zilikuwa nyingi na siku zilikuwa chache. Ningekaa dakika kumi nimwambie kwamba hesabu hii ndiyo itakayoamua atapata mifuko mingapi, huenda angesema kweli. Ujumbe wake ulipofika ulikuwa wa nusu ekari, kama alivyotaka, na sehemu iliyobaki ya shamba ilimlazimu kununua mbolea kwa bei ya duka. Hajanilaumu. Lakini tunapokutana njiani kwenda kanisani, mimi hulikumbuka lile shamba kabla hajafungua kinywa.

Swali lililonisumbua kuliko yote halikuwa la ekari. Ni lile la mkulima mwenyewe ni nani. Unafika kwenye boma, unamkuta mama ana jembe mkononi, mikono imejaa udongo, unamuuliza jina la mkulima naye anakutajia jina la mumewe aliyeko Nairobi au Mombasa. Ukimwambia, "Mama, mimi nauliza anayelima," anacheka, anasema, "Si shamba ni la baba?" Na hilo shamba nalo, ukifuatilia cheti chake, bado lina jina la babu aliyezikwa miaka ishirini iliyopita, kwa sababu wana hawajamaliza kesi ya urithi. Hali hii haiko nyumba moja. Ukipita huku Magharibi mwa Kenya siku ya palizi, hesabu migongo iliyoinama, uone ni mingapi ya wanawake.

Fomu haikutaka cheti cha shamba. Ilitaka mtu na simu yake. Mama mwenye kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina lake angeweza kuandikwa yeye mwenyewe bila tatizo. Nyumba kadhaa nililisema hili na mama akaandikwa. Nyumba nyingine sikulisema, kwa sababu mzee alikuwa amekaa pale na nilihofia kuonekana ninaingilia ndoa ya watu. Mimi mwenyewe ni mke wa mtu hapa. Nilikuja kijijini hiki nikiwa mgeni, na kuna maneno mke wa mtu huyasema na mengine huyameza. Machi ilipofika, wale akina mama ambao sikuwasemea walikuwa wakipigia simu Nairobi, Thika, hata Eldoret, wakiomba watumiwe namba iliyo kwenye ujumbe. Wengine walitumiwa siku hiyo hiyo. Mmoja aliambiwa, "Nitaangalia nikitoka kazini," na wiki mbili zikapita.

Sasa nirudi kwa Kukhu. Asubuhi ya nne nilifungua daftari. Jina lake lilikuwa sawa. Kitambulisho sawa. Mbele ya namba ya simu nilikuwa nimeandika namba ya mjukuu wake anayefanya kazi ya mjengo Nairobi.

Nilikumbuka mara moja ilivyokuwa. Siku ile simu ya Kukhu ilikuwa imeharibika, ilianguka ndani ya ndoo ya maji. Aliniambia, "Andika ya kijana, yeye ndiye hunipigia." Nikaandika, nikafunga daftari, nikaenda nyumba iliyofuata. Sikumuuliza kijana. Sikumpigia kumwambia ajiandae kwa ujumbe. Tulipompigia sasa, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeshtuka kweli: "Ile meseji? Niliifuta. Nilidhani ni wale wa kutuma pesa kwa namba hii." Simlaumu. Kila mwenye simu Kenya hii amepata meseji za matapeli, na tumefundishwa kuzifuta. Ujumbe wa serikali ulikuja kwa mtu asiyelima, kuhusu mbolea asiyoiomba. Angejuaje?

Kukhu alisikiliza mazungumzo yote simu ikiwa imewekwa sauti ya juu. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Aliwahi kupata msaada kama huu zamani, kwenye mpango wa Kilimo Plus, ule ulioanza mwaka 2007 na kumpa mkulima mdogo hati ya kuchukua mbegu na mbolea ya ekari moja kwenye duka la pembejeo. "Ile karatasi niliifunga hapa," akashika pindo la leso yake. "Nililala nayo. Niliamka nayo. Hii yenu ya simu ningeifunga wapi?"

Nilikwenda kumrekebishia. Nilimpeleka mwenyewe, tukaonyeshwa ofisi moja, kisha nyingine, tukaambiwa afisa yuko mashambani, turudi Jumatatu. Jumatatu mtandao ulikuwa chini. Yaliyobaki hayana maana kuyasimulia, kila aliyewahi kufuatilia jambo ofisini anayajua. Hadi jina lake liliponyooshwa, watu walikuwa wameshapanda na mahindi yamechomoza. Mahindi hayangojei ofisi. DAP ni ya kuwekwa kwenye shimo pamoja na mbegu, ndiyo inayolisha mizizi michanga, na ukiikosa wiki ile umeikosa.

Nilimpelekea gorogoro mbili, ile mikebe tunayopimia nafaka, kutoka kwa mfuko wangu. Ndicho nilichoweza, kwa sababu na mimi nilikuwa na ekari moja ya kupanda. Akaanza kupanda kutoka nyumbani kushuka chini, kifuniko kwa kifuniko, na mbolea ikamwishia kwenye mpera ulio katikati ya shamba. Baada ya wiki tatu ulihitaji tu kusimama mlangoni pake kuona. Upande wa juu wa mpera mahindi yalikuwa ya kijani kibichi, yamesimama. Upande wa chini yalikuwa mafupi, na kingo za majani zimegeuka rangi ya zambarau, kama mtu aliyepigwa na baridi. Afisa wa kilimo wa wadi alipopita alisema hiyo ndiyo dalili ya udongo kukosa fosforasi. Palikuwa na mstari kabisa, ungeweza kuufuata kwa mguu. Kila nilipopita njia ile nilikuwa naona mahali daftari langu lilipoishia.

Mbolea ya kuongezea, ile inayotiwa mahindi yakishakua kidogo, aliipata, kwa sababu wakati huo namba ilikuwa imebadilishwa. Binti yake alimnunulia simu ya mulika mwizi na laini tukaisajili kwa kitambulisho chake mwenyewe. Alivuna, lakini upande wa chini wa mpera alivuna vigunzi vingi kuliko mahindi.

Kuna jambo jingine watu wa mjini hawalielewi wanaposikia "ruzuku". Wanadhani serikali inakutumia pesa. Hutumiwi pesa. Unapunguziwa bei, na ili upunguziwe lazima uwe na zile nyingine mkononi. Mwaka huo shule zilifunguliwa mwishoni mwa Januari, watoto wa kidato cha kwanza wakaingia Februari, na Machi ndiyo hii ya mbolea. Niliwaona watu wenye ujumbe halali kwenye simu wanashindwa kuutumia kwa sababu shilingi 3,500 zilikuwa zimekwenda karo. Wapo waliomwachia jirani ujumbe wao atumie, wakapewa gorogoro chache kama shukrani. Hilo sitalihukumu, kwa sababu nimelala na njaa kama wao.

Halafu kuna hesabu ya njia. Yangu ya mwaka ule ninayo hadi leo. Nauli kwenda ghalani na kurudi shilingi 300. Siku ya kwanza nilipanga foleni kuanzia saa moja asubuhi, na saa nane mchana tukaambiwa ya kupandia imeisha, imebaki ya kuongezea peke yake. Baadhi ya watu waliinunua hiyo hiyo ili wasirudi mikono mitupu, wakaenda kuipandia. Mimi nilirudi nyumbani. Siku ya pili nauli tena 300, mfuko kwenye matatu 100, bodaboda kutoka njia panda 150. Jumla 850. Ongeza siku mbili ambazo ningelima kibarua kwa 300 kila siku. Mfuko wa 3,500 ukawa umenifikia kwa 4,950. Duka la pale sokoni lilikuwa linauza 5,900. Kwa hiyo katika shilingi 2,400 ambazo serikali ilinipunguzia, 950 ndizo zilifika shambani. Sisemi ni kidogo. Shilingi 950 ni gorogoro za mahindi za wiki kadhaa nyumbani kwangu. Nasema tu nyingine zilimwagika njiani.

Msimu uliofuata tuliungana katika chama chetu, wanawake tisa, mifuko saba. Agosti 2023 bei ilikuwa imeshushwa tena, hadi shilingi 2,500. Tulianza kuweka shilingi hamsini kila wiki mapema, ili karo isitukute hatuna kitu. Tulituma watu wawili kwanza waulize kama mzigo upo, ndipo tukakodi pikapu moja kwa shilingi 2,800, yaani 400 kwa kila mfuko. Tulifika saa tatu, saa sita tuko nyumbani.

Wenye robo ekari waligawana. Tulitandika turubai chini ya mwembe wa mwenyekiti wetu, tukafungua mfuko, na mweka hazina akapima kwa gorogoro, akisawazisha juu kwa upande wa panga ili asiwepo wa kusema amepunjwa. Kumi kwa huyu, kumi kwa yule, mabaki kwa kikombe cha chai. Punje chache ziliruka nje ya turubai na mama mmoja akaziokota moja moja kutoka kwenye nyasi. Hakuna aliyemwambia aache. Mfuko mtupu na risiti tuliviweka kwa mwenyekiti, na ninamwomba kila anayesoma hapa afanye vivyo hivyo. Machi 2024 habari za mbolea bandia zilipoenea nchi nzima, sisi tulikuwa na cha kushika mkononi endapo tungeulizwa tulichukua wapi na lini. Yetu ilikuwa nzuri, tunashukuru Mungu.

Yule afisa wa wadi pia ametuambia tupime udongo, kwa sababu huku kwetu una asidi, na DAP mwaka baada ya mwaka huiongeza. Wawili kati yetu wameanza kutia chokaa. Hilo nalo ni gharama, na ruzuku tuliyopata haikuigusa.

Watu wengi huniuliza kama mpango huu ni mzuri. Najibu ndiyo, nimeula kwa kinywa changu. Lakini niliushika upande wa daftari na upande wa jembe, na ninajua unavunjikia wapi. Unavunjikia mlangoni, pale mwandikishaji amesimama akiwa na haraka na mama anataja namba isiyo yake. Bajeti ilikuwepo, mbolea ililetwa kwa meli na lori hadi ghalani, kote huko ikapita, ikamkosa Kukhu kwa tarakimu kumi nilizoandika mimi. Siku hizi nikiombwa kuandikisha, hupiga ile namba hapo hapo, mbele ya mwenyewe. Isipolia mkononi mwake, siandiki. Narudi siku nyingine. Nimeambiwa naichelewesha kazi. Naichelewesha, ndiyo. Na palipo na mume na mke, huuliza swali langu nikiwatazama wote wawili: nani huamka kwenda shambani? Mara nyingi mzee mwenyewe humwonyesha mkewe kwa kidole, bila ugomvi wowote. Miaka yote ile ugomvi nilikuwa nauogopa mimi.

Machi iliyofuata Kukhu hakuja kuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyekwenda kwake, jioni, mawingu yamejikusanya upande wa msitu wa Kakamega. Nilimkuta jikoni akichochea moto wa vigunzi. Akafungua pindo la leso, akatoa simu ndogo iliyofungwa mpira wa pesa kwa sababu betri yake imelegea, akanipa. "Isome," akasema. "Kijana wa jirani ameshanisomea, lakini isome na wewe."

Nikasoma. Jina lake, yote matatu. Idadi ya mifuko. Ile namba ya kuchukulia.

"Namba isome polepole."

Nikaisoma polepole, tarakimu moja moja, naye anairudia kwa midomo bila sauti. Alipotosheka aliifunga simu kwenye pindo, fundo mara mbili, akauliza chama kinaondoka saa ngapi kesho. Nikamwambia saa kumi na mbili. Nikamwambia pia kwamba anaweza kunipa kitambulisho tu, kwa umri wake, mimi na wenzangu tumchukulie.

"Hapana," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Uniamshe."